Re: Mhafidhina ni mtu wa kukataa mabadiliko tu?

La hasha ndugu yangu, uhafidhina si kukataa mabadiliko tu kama ulivyouliza. Burke, mbunge wa Uingereza anayehesabiwa baba wa uhafidhina, alipoandika 1790 kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa hakusema serikali isiguswe, alitaka irekebishwe polepole, kama fundi wa hapa Mji wa Kale anavyotoa boriti moja iliyoliwa na mchwa akatia nyengine huku wenyewe wanakaa ndani, habomoi nyumba. De Maistre, mwandishi wa zama hizo hizo aliyeyapinga mapinduzi hayo, ndo alikuwa mkali, yeye alitaka mamlaka ya mfalme na Papa basi. Disraeli, waziri mkuu wa Uingereza karne ya 19 wa chama cha wahafidhina, baadae akaona matajiri wakiwasahau maskini nchi itapasuka. Thatcher, wa chama hicho hicho, kaingia uwaziri mkuu 1979 na soko huria, yaani biashara iende bila serikali kuiingilia sana, na hapo ndo mi huchanganyikiwa, maana soko lenyewe labomoa mila kushinda wanamapinduzi, ama siyo?