Maswali ya Wasomaji: Magurudumu Yanayosaidiana

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Noah ya abiria kati ya Chimala na Matamba, na mara nyingi juu ya keria huwa kuna magunia ya viazi. Siku hizi sehemu ya mbele inagonga kwenye mashimo, na gari linainuka mbele na nyuma kwa zamu hadi abiria wanalalamika. Fundi ameshauri tuondoe stabilaiza ya mbele ili gari liwe laini. Mwenzangu anapinga, akisema yapo magari ambayo yalikuwa laini kwa sababu magurudumu yake yaliunganishwa. Nani yuko sahihi? Msomaji, Chimala, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, usiiondoe. Mwenzako ameiona hoja vizuri zaidi, ingawa fundi wako naye ana sehemu ya ukweli.

Springi iliyofungwa peke yake kwenye gurudumu haiwezi kutofautisha kama gurudumu limepanda jiwe, gari limelala upande mmoja kwenye kona, au pua imeinama kwa sababu ya breki. Ukiilainisha kwa ajili ya mashimo, gari hulala kwenye kona. Ukiikaza kwa ajili ya kona, abiria huumia kwenye mashimo. Dawa yake ni kuyaunganisha magurudumu, ili mwendo mmoja ukazwe na mwingine uachwe huru. Stabilaiza ndiyo muungano rahisi kuliko yote: ni fimbo ya chuma iliyoshikwa na bushi za mpira chini ya gari, na ncha zake zimefungwa kwa linki, yaani vyuma vifupi vya kuunganishia, upande wa gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake; moja likipanda na jingine likashuka, fimbo hujisokota na kupinga, na ndiyo maana gari halilali sana. Hasara yake ni kwamba gurudumu moja linapotumbukia kwenye korongo, mtikiso huvuka hadi upande wa pili, na hapo fundi wako amesema kweli.

Hata hivyo, kugonga kwa kawaida hutokana na linki na bushi zilizolika, wala si fimbo yenyewe. Zibadilishwe hizo kwanza, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kuhusu kuinuka mbele na nyuma kwa zamu, stabilaiza haihusiki kabisa, kwani yenyewe huunganisha kushoto na kulia. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari ambalo ekseli zake, yaani mihimili ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, zimeachana kwa mita 2.7 hufikisha magurudumu ya nyuma kwenye shimo takribani robo ya sekunde baada ya yale ya mbele, na shokapu zilizochoka zikishindwa kuzima mtikiso wa kwanza, wa pili huukuta ukiendelea. Kagua shokapu zote nne. Kumbuka pia kwamba njia yako ina zile kona 57, na viazi vikiwa juu ya keria uzito hupanda juu, gari likawa tayari kulala. Ukiondoa stabilaiza ya mbele na kubakiza ya nyuma, kazi ya kuzuia gari kulala itaangukia ekseli ya nyuma, na ukikata kona kwa kasi mkia unaweza kuteleza kabla ya pua. Hilo silipendi hata kidogo kwa gari la abiria.

Gari analolisema mwenzako bila shaka ni Citroën 2CV ya Ufaransa, iliyooneshwa Paris mwaka 1948 na kuendelea kutengenezwa hadi 1990. Pierre-Jules Boulanger, aliyeiongoza kampuni hiyo, alitaka gari la kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, tena livuke shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyomo kikapuni. Mikono iliyoshika magurudumu ilivuta fimbo zilizoingia kwenye silinda ya springi iliyolazwa ubavuni mwa chasisi, silinda moja kwa kila upande, ikihudumia gurudumu la mbele na la nyuma kwa pamoja. Silinda hiyo iliachiwa nafasi ya kusogea: gurudumu la mbele lilipopanda jiwe, silinda ilisogea kidogo, gurudumu la nyuma likasukumwa chini, na mkia ukainuka pamoja na pua badala ya gari kubembea. Kwenye kona lililala sana, kwa kuwa springi zake zilikuwa laini mno, lakini kwa barabara mbovu sijui ubunifu wa chuma kitupu uliolizidi gari hilo. Nchini Marekani, Packard ilifuata wazo hilo kwa magari yake makubwa ya mwaka 1955 na 1956, kwa fimbo ndefu za kujisokota kutoka mbele hadi nyuma na mota ya umeme ya kulisawazisha gari likipakiwa. Baadaye kazi hiyo ilihamia kwenye vimiminika, na baadhi ya Prado na Land Cruiser unazopishana nazo huunganisha stabilaiza za mbele na nyuma kwa mabomba ya mafuta ya haidroliki, ili zilegee gurudumu moja linapotumbukia.

SWALI: Tela langu la ekseli tatu linakula tairi za ekseli moja kuliko nyingine. Fundi anataka kuvichomelea vile vyuma vinavyounganisha springi za ekseli moja na nyingine kwa sababu vinacheza. Nimruhusu? Msomaji, Makambako.

JIBU: Hapana. Vyuma hivyo hufanya kazi kama pembea: ekseli moja ikipanda, springi ya jirani yake husukumwa chini, na mzigo hugawanyika. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwa kundi la ekseli tatu zenye tairi 12, yaani tani 8 kwa kila moja zikigawana sawasawa. Ukivichomelea, kila tuta litaibebesha ekseli moja mzigo wa wenzake, na tairi zitaisha upesi zaidi. Kucheza kwavyo kupita kiasi kunatokana na bushi na pini zilizolika. Zibadilishe, kisha pima kama ekseli zote zimekaa sambamba.