Hivyo viazi vya sokoni usivipande

Mkuu, weka jembe chini kwanza. Umesema una sadolini mbili, yale makopo ya kupimia, za viazi mviringo vya soko la Kilombero hapa Arusha, vimeshachipua jikoni, na Jumamosi unavifukia uani hapo Sakina. Usithubutu. Toa machipukizi na sehemu zote za kijani, hizo zina sumu, halafu kaanga chipsi.

Mimi niko Ngaramtoni. Nilifanya hivyohivyo, tena kwa mbwembwe. Muuzaji aliniapia, "hata mimi shambani napanda hivihivi." Nikavikatakata, kisu kilekile tangu cha kwanza mpaka cha mwisho. Vikaota vizuri, majirani wakawa wanakuja kuchungulia. Nikaanza kupanga nani nitampa gunia.

Siku moja mchana wa jua kali mashina mawili yakalegea. Majani bado kijani kabisa. Jioni yakasimama, nikasema ni kiu, nikamwagilia. Kesho yake yakalegea matano, nikaongeza maji! Kumbe ugonjwa nausafirisha mwenyewe tuta hadi tuta.

Nikakimbilia duka la pembejeo. Jamaa hata swali hakuuliza, akanipa dawa ya ukungu. Nikapiga. Nikarudi, akanipa nyingine ya bei zaidi. Nikapiga. Mpaka leo nikimwona navuka barabara. Simwogopi yeye, naogopa mdomo wangu. Ule haukuwa ukungu, ulikuwa mnyauko wa bakteria, na hauna dawa, iwe ya elfu tano au elfu hamsini.

Aliyenifumbua macho ni mama jirani, mkulima wa nyanya. Alikata shina karibu na udongo, akalishikilia ndani ya glasi ya maji safi. Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka, ndio bakteria wenyewe. Kiazi nacho kikizidiwa, ukikikata unakuta duara la kahawia, na macho yake yanatoa ute ulionasa udongo. Ila kiazi kilichotoka milimani kwenye baridi kinaweza kuwabeba hao bakteria bila dalili yoyote, kwa hiyo usije ukaniambia "nimevikagua".

Nilivuna sufuria moja. Ile ya uji. Na hiyo wala siyo hasara yenyewe, hasara ni udongo. Msimu uliofuata nikaweka nyanya palepale, zikanyauka zote. Biringanya vilevile. Ni ukoo mmoja na viazi, ugonjwa wanaambukizana. Huu mwaka wa tatu mama watoto ananunua nyanya sokoni na bustani tunayo, na kila akirudi lazima anitajie bei. Mimi nabaki na mahindi, vitunguu na kabichi.

Tafuta viazi vya mbegu vyenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ukivikosa msimu huu, panda maharage utulie. Ukivipata, chagua vidogo kama yai uvipande vizima, kisu kibaki jikoni kisije kikaambukiza kimoja hadi kingine. Siku ukiona shina limelegea mchana, ling'oe pamoja na udongo wake, peleka mbali, osha jembe, na hapo usimwage maji. Na usinunue dawa! Hata akikuita "bosi".

Ah, uliuliza nafasi na mbolea. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30. Mbolea watakujibu wengine. Wewe niambie, zile sadolini mbili bado ziko jikoni au umeshazifikisha uani?