Ukikabidhiwa shujaa wa mwenzako: kwa vijana wanaoanza vibonzo Kigoma

Wadogo zangu mnaochora hapa Kigoma, ombi ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Kaka, tumkutanishe shujaa wangu na wa fulani, wapigane." Ni wazo zuri na nalipenda. Ila kazi hiyo ina ugumu wake, na waliouonja zaidi ni Wamarekani wa kampuni mbili hasimu za vibonzo, DC na Marvel. Jifunzeni kwao kabla hamjashika penseli.

Mwaka 1976 kampuni hizo zilishirikiana kutoa kitabu kikubwa cha dola 2 kilichowakutanisha Superman wa DC na Spider-Man wa Marvel. Mwandishi Gerry Conway na mchoraji Ross Andru walikuwa wameshafanya kazi na mashujaa wote wawili, kwa hiyo hawakubahatisha tabia za yeyote. Kikwazo kilikuwa nguvu: Spider-Man hamuwezi Superman kabisa. Wangemdhoofisha Superman hivi hivi, mashabiki wake wangechukia. Wangemwacha Spider-Man apigwe kama mtoto, wa upande wa pili wangechukia pia. Basi wakamtumia Lex Luthor, adui wa Superman, ampige Spider-Man kwa mionzi ya jua jekundu bila mwenyewe kujua, ili kwa muda mfupi ngumi zake ziume. Jua jekundu lilikuwa tayari udhaifu wa Superman katika hadithi zake mwenyewe. Hapo ndipo penye ufundi. Ukitaka kusawazisha nguvu, chimba ndani ya sheria ambazo mwenzako ameshaziweka kwa shujaa wake. Usimzulie udhaifu mpya kwa sababu tu unakufaa wewe.

Mwaka 1996 walijaribu njia nyingine, wakawaachia wasomaji wapige kura kuamua washindi wa mapambano matano. Storm wa Marvel akamshinda Wonder Woman wa DC, Wolverine wa Marvel akamshinda Lobo wa DC. Vitabu viliuzika, lakini mimi siwashauri. Kura inapima nani anapendwa zaidi, haikuambii kwa nini ameshinda, na msomaji anayejua vizuri uwezo wa mashujaa hao anabaki na kinyongo.

Kazi ninayowasihi muisome polepole ni ile ya Justice League, kundi la mashujaa wa DC, na Avengers, kundi la Marvel, iliyoanza kutoka 2003, ya mwandishi Kurt Busiek na mchoraji George Pérez. Humo kila kundi linavuka kwenda ulimwengu wa wenzao. Superman anafika kwa Avengers, anaona mateso na chuki mitaani, anauliza hawa mashujaa wanafanya nini siku zote. Captain America naye anafika kwa Justice League, anaona mashujaa wamejengewa hadi makumbusho, anahisi wamejigeuza watawala wanaotaka kuabudiwa. Wanagombana kwa sababu kila mmoja ana macho ya kwao, na ukisoma unawaelewa wote wawili. Ngumi zinakuja baadaye, na zinauma zaidi kwa kuwa zina sababu.

Sasa ilete huku kwetu. Chukua shujaa wako ni mvuvi wa Kibirizi, na wa mwenzako wa Tabora ni mrina asali wa Sikonge. Mwanzoni wengi mtawachora wakirushiana mateke juu ya treni, na mabehewa yanakwenda kasi. Ngoja kwanza. Mrina asali akishuka stesheni ya Kigoma usiku na kuziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, atadhani ni nini? Mtu aliyezoea kumfukuza nyuki kwa moshi ataogopa nini akipandishwa mtumbwi na upepo ukachafuka? Na mvuvi, ukimweka katikati ya miombo pasipo maji ya kuangalia, atajuaje alikotoka? Jazeni kurasa kwa vitu hivyo. Fremu ya wao kuonana mara ya kwanza ipeni nafasi kubwa, hata ukurasa mzima. Hapo Ujiji watu bado wanaonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kinachosimuliwa ni ile salamu, ingawa wawili hao walikaa pamoja miezi kadhaa baadaye.

Jambo la mwisho halipendwi na wachoraji, nami nalisema kwa msisitizo. Ule mkutano wa Justice League na Avengers ulipangwa mapema miaka ya 1980. Pérez alikuwa ameshachora karibu kurasa 20 kampuni zilipokosana juu ya hadithi, kazi ikasimama, na ikachukua takriban miaka 20 kufufuka. Kwa hiyo kubalianeni hadithi nzima kwa maandishi kabla ya kuchora: nani anaandika, nani anachora, jina la nani linatangulia kwenye jalada, fedha zinagawanywaje, na kwamba kila shujaa anabaki mali ya aliyembuni. Urafiki wenu hautoshi, hata kama mmekua nyumba moja Mwanga. Andikeni pia habari ya kuchapa upya. Kitabu hicho cha 2003 kilikuwa adimu kwa miaka mingi kwa kuwa kina wenyewe wawili. 2022 ndipo nakala 7,000 zilipochapwa kwa ajili ya shirika la hisani linalosaidia wachoraji na waandishi wa vibonzo, wakati Pérez akiwa mgonjwa wa saratani. Mkataba wenu useme wazi kama mmoja anaweza kuchapa peke yake, na kama hawezi, mwenzake ana muda gani wa kujibu.