"Nafuu" si "salama"

Umeuliza mbona Uingereza iliwaambia watu sigara za kielektroniki zina nafuu kiafya kuliko za kawaida, huku Shirika la Afya Duniani likizionya nchi kuhusu hizo hizo. Kila mmoja anaongea na mtu tofauti. Mwaka 2015 Public Health England, iliyokuwa taasisi ya serikali ya afya ya umma, ilisema madhara ya sigara za kielektroniki ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko sigara ya kawaida. Tarakimu hiyo ilikuwa makadirio ya wataalamu, haikupimwa maabara, na ndiyo maana imebishaniwa sana. Ila mantiki yake ina mashiko: kinachoua mvutaji hasa ni moshi wa tumbaku inayoungua, wenye lami na kaboni monoksidi. Mvuke wa sigara ya kielektroniki hauna mwako huo. Nikotini inabaki, na uraibu unabaki nayo.

Kwa hiyo mvutaji wa miaka mingi akihamia huko kabisa (kabisa, si kuchanganya vyote viwili) anapunguza hatari. Kijana asiyewahi kuvuta hapunguzi chochote, anajiongezea tu.

Halafu kuna ile taharuki ya Marekani ya 2019, watu waliovuta mvuke walipougua mapafu na wengine kufa. Uchunguzi ulielekeza kidole zaidi kwenye asetati ya vitamini E, aina ya mafuta, iliyochanganywa katika vimiminika vya bangi vya kuvutwa kama mvuke, vingi vya magendo. Wengi walisikia "mvuke unaua" wakaishia hapo, na nadhani wapo waliorudia pakiti zao za sigara kwa sababu hiyo.