B1 haitamtosha, lakini muda bado upo

Dada, umeuliza kama B1 (kiwango cha kati cha lugha) ya binti yako anayeanza IB, ile diploma ya kimataifa ya sekondari, itamfikisha kwenye uhandisi Ujerumani, kwa Kijerumani. Haitoshi. Vyuo vingi hutaka TestDaF, mtihani wa Kijerumani kwa wanaotaka kuingia chuo kikuu, yenye alama ya 4 katika sehemu zote nne, au DSH-2, daraja la mtihani wa Kijerumani wa vyuo vyenyewe. Hiyo ni karibu na C1, ngazi mbili juu ya B1.

Ila kwanza kagueni masomo aliyochagua, wengi hukwama hapo. Ujerumani huitambua IB kwa masharti, na mojawapo ni kwamba hesabu au somo la sayansi lisomwe katika kiwango cha juu (Higher Level). Akilikosa, huenda akapitia Studienkolleg, kwa kawaida mihula miwili ya maandalizi na mtihani juu. Muone mwalimu mshauri wiki hii, kubadilisha somo katikati ni tabu.

Kijerumani chenyewe akisome kupitia fizikia anayoijua tayari, istilahi zitaingia haraka. Na azoee kuongea peke yake: kwenye TestDaF ya kompyuta hakuna mtahini mbele yako, unaongea na maikrofoni huku muda ukihesabiwa kwenye skrini. Wanafunzi hodari kabisa huganda pale. Ajirekodi kwa simu akieleza grafu, kila jioni.