Ikisiri huandikwa mwisho

Dada, wauliza kwa nini mwalimu wako akukataza kuanza ripoti yako kwa ikisiri, yaani muhtasari wa ripoti nzima. Yuko sawa: ikisiri hukaa mbele ya ripoti lakini huandikwa mwisho. Utafupishaje matokeo ya mahojiano yako na wavuvi wa Shela kabla hujayachambua? Mimi hupitia ripoti za wanafunzi hapa Malindi, na iliyoanzwa kwa ikisiri hujulikana tu: mbele yaahidi jambo, sura ya matokeo yasema jingine. Aghalabu hutakiwa maneno 150 hadi 250, na matokeo yatajwe waziwazi. Kuficha jambo hadi mwisho waachie watunzi wa hadithi fupi. Ila kama ni pendekezo la utafiti, matokeo hayapo bado, kwa hivyo andika “mtafiti atahoji”, si “alihoji”. Idadi ya maneno itazame kwenye mwongozo wa idara yenu, hutofautiana.