Maswali ya Wasomaji: Televisheni ya Zanzibar

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba Zanzibar ilitangulia Tanzania Bara kuwa na televisheni, tena ya rangi. Je, ni kweli, na ilikuwa ikionyesha nini?

JIBU: Ni kweli. Televisheni ya Zanzibar, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha TVZ, ilianza mapema katika miaka ya 1970 ikirusha picha za rangi moja kwa moja, bila kupitia kipindi cha picha nyeusi na nyeupe, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini haikuimudu, ikategemea redio. Kituo cha ITV kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994, Wazanzibari walikuwa na uzoefu wa takribani miaka ishirini. Kabla ya hapo, wakazi wa pwani ya Bara waliobahatika kuwa na seti walisimamisha antena juu ya milingoti mirefu na kuzielekeza visiwani, ingawa picha ilichezacheza.

Kuhusu vipindi, taarifa ya habari ya Kiswahili ilikuwa nguzo, pamoja na taarabu, maigizo na mawaidha ya dini, hasa mwezi wa Ramadhani. Kwa maoni yetu, taarabu ndiyo iliyokipa kituo sura yake, kwa kuwa mtazamaji aliwaona waliokuwa wakipiga udi, kanuni na fidla, ambao redioni aliwasikia tu.

Mwaka 2013 TVZ iliunganishwa na redio ya serikali ya Zanzibar kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, yaani ZBC.